UZI: "Imeletwa na intaneti" na "sheria inakataza mchezo kama huo". Tuziangalie hizi hoja mbili kwa tarehe

Kondele haikosi mjadala. Pita jioni chini ya daraja la juu, simama kidogo kwenye steji ya boda, na habari za watu transjenda zikitajwa tu utasikia hoja mbili zikirushwa kwa mpigo. Ya kwanza: hii kitu imeletwa na intaneti. Ya pili: mtu akiandika mchezo wa jukwaani kuhusu maisha hayo, Kenya hauwezi kuruhusiwa, maanake sheria inakataza na utamaduni wetu unakataza. Wakati wa kura hoja hizi hupanda jukwaa na wagombea. Kama kawaida ya uzi huu, hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunataja miaka.

Kwanza maneno, kwa sababu watu hupika vitu vitatu kwenye sufuria moja. Transjenda ni mtu ambaye jinsia aliyoandikishwa alipozaliwa siyo ile anayojijua nayo. Huntha ni habari ya mwili aliozaliwa nao mtu. Sensa ya 2019 iliwahesabu huntha 1,524 nchini, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua watoto wa namna hiyo. Ushoga ni habari ya nani anampenda nani. Mtu anaweza kuwapinga wote watatu akitaka, lakini ajue anapinga nini.

Sasa tuje jukwaani.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilitungwa 1962, Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye nyumba. Nayo ilikuwa na babu yake, amri ya kikoloni ya 1912 juu ya michezo na sinema. Kwa hiyo ile kauli kwamba udhibiti wa jukwaa ni "utamaduni wetu" inachekesha kidogo. Tuliurithi pamoja na ofisi, mihuri na faili.

Na ulitumika dhidi ya nini? 1977, pale Kamiriithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Hakuna habari ya jinsia mle. Kuna ardhi, mshahara na wakubwa. Novemba mwaka huohuo leseni ikafutwa, na kabla ya mwaka mpya Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi. 1982 ukumbi wenyewe wa Kamiriithu ukabomolewa. Mageuzi ya 1997, yale ya kabla ya uchaguzi, yaliigusa pia sheria hii na kulegeza mambo ya leseni za jukwaa. Kisha ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 33 kinataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi, kwa jina lake.

Je, mambo yakaisha? Wapi! 2013 mchezo wa wasichana wa Butere, Shackles of Doom, ulizuiwa usifike tamasha la kitaifa mpaka Mahakama Kuu ikaingilia. Aprili 2025 shule ileile ilikuja na Echoes of War. Mahakama ikaamuru waigize, na Nakuru kukarushwa gesi ya machozi. Wasichana wa shule, omera. Wakati wote huo kilichowauma wakubwa ni siasa. Nasema hivi kwa sababu mtu wa Kondele anayeshangilia mchezo wa transjenda ukizuiwa anashangilia rungu ambalo amelionja mgongoni mwake. Hapa gesi ya machozi hatuhitaji kufafanuliwa.

Halafu kuna jambo ambalo hatulisemi. Shule za wavulana za Nyanza zimepeleka maigizo kwenye tamasha miaka nenda miaka rudi, na nani alicheza mama mkwe? Mvulana, kafunga leso, kabana sauti, ukumbi mzima unacheka hadi machozi, na mwalimu mkuu mbele kabisa anapiga makofi. Runinga nayo imejaa wanaume waliovaa gauni kutuchekesha. Kwa hiyo nguo ya kike kwenye mwili wa kiume haijawahi kututisha ikiwa ni kichekesho. Tatizo linaanza pale mtu jukwaani anaposema: mimi sichezi.

Tofauti hiyo ilijaribiwa kwa jirani zetu. Agosti 2012, Kampala, uliigizwa mchezo uitwao The River and the Mountain, wa Beau Hopkins. Mhusika mkuu ni mfanyabiashara shoga, si transjenda, lakini ndiyo kesi ya karibu zaidi ya jukwaa tuliyo nayo Afrika Mashariki. Baraza la habari la Uganda lilisema usioneshwe bila kibali. Ukaoneshwa kwenye kumbi ndogo. Septemba mtayarishaji wake, Mwingereza David Cecil, alikamatwa kwa kukaidi amri. Januari 2013 kesi ikatupwa, na Februari akafukuzwa nchini. Tazama mpangilio huo vizuri: mahakama haikupata kosa, lakini ndege ilipatikana. Na tukumbuke waigizaji walikuwa Waganda, ambao hakuna ndege ya kuwarudisha "kwao". Wao walibaki pale pale na majirani zao.

Kwetu, mambo makubwa ya transjenda hayakutokea jukwaani. Yalitokea kwenye karatasi. Na sehemu ya hadithi hiyo inapita hapa karibu.

Audrey Mbugua alifanya mtihani wa kidato cha nne 2001 na akasoma Chuo Kikuu cha Maseno, hapo juu tu ukitoka Kisumu kwenda Busia. Alama zilikuwa nzuri. Taabu ilianza alipotafuta kazi: mwombaji mwanamke, vyeti vina jina la kiume na alama ya mwanamume. Kila mwajiri akimwangalia anaona udanganyifu. Aliomba baraza la mitihani libadilishe jina na kuondoa alama ya jinsia, likakataa. Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliamuru cheti kipya kitolewe bila alama hiyo. Hoja ya msingi ilikuwa rahisi ajabu: hakuna mtu anayepewa gredi kwa kuwa mvulana au msichana. Ukiondoa alama ya jinsia, cheti bado ni cheti.

Miezi michache kabla, Julai 2014, mahakama ilikuwa imeiamuru bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali kulisajili shirika lake, Transgender Education and Advocacy. Watu wengi hudhani mlango ulifunguliwa na ile kesi kubwa ya Mahakama ya Juu ya Februari 2023, iliyoamuliwa majaji watatu kwa wawili kuhusu kusajili shirika la mashoga na wasagaji. Hapana. Watu transjenda walikuwa wameshapita miaka tisa nyuma, kimyakimya, na mbingu haikuanguka.

Turudi kwa ile hoja ya intaneti, ambayo ndiyo tamu zaidi kijiweni. Nyaya za baharini za intaneti ya kasi zilifika Mombasa 2009. Lakini Mbugua alikuwa ameshatafuta hospitali kabla ya hapo. Uganda, Victor Mukasa, aliyejitambulisha kama mwanamume transjenda, nyumba yake ilivamiwa na maafisa 2005, na Desemba 2008 Mahakama Kuu ya Kampala ikasema haki zake na za mgeni wake zilivunjwa. Na 1987, wakati simu yenyewe ilikuwa ya foleni posta, mtafiti Gill Shepherd alikuwa ameshachapisha maandishi kuhusu Mombasa na watu wake waliovuka mipaka ya mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo watu walitangulia. Waya ulikuja baadaye.

Intaneti ilileta kitu kingine. Kijana aliyedhani yuko peke yake kuanzia Manyatta mpaka Mamboleo aligundua kuna mwingine Nakuru, mwingine Mombasa. Alipata maneno ya kujieleza, na anwani ya daktari asiyecheka. Hilo ndilo wanaloliona wapinzani wanaposema vijana "wanafundishwa", na sidhani wanabuni tu: mtu akipata neno la hali yake hubadilika kweli, huanza kusema. Ila mtandao huohuo ndio unaoanika picha za watu bila ruhusa, na watu hulipishwa pesa wasitangazwe kwa wazazi. Ningekuwa mwandishi wa tamthilia ningeandika hapo hapo: mtu ana marafiki mia kwenye simu na hawezi kufungua mlango wa nyumba kwenda kununua omena.

Kisumu ina wasanii wa kuuigiza. Michezo ya afya ya barabarani ilizoesha watu hapa kusikia mambo ya kondomu na VVU mchana kweupe, wakati ambapo kuyataja mezani ilikuwa aibu. Wazee walinuna, wakasikiliza mpaka mwisho.

Kisheria tumefika hapa: Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret iliamua kwamba mwanamke transjenda aliyekamatwa 2019 alidhulumiwa, ikampa fidia ya shilingi 1,000,000 na kuitaka Serikali ilete sheria ya kuwalinda watu kama yeye. Jina unaweza kubadilisha kwa hati ya kubadili jina (deed poll). Alama ya jinsia kwenye kitambulisho ni habari nyingine, na ndiyo anayosoma askari kwenye kizuizi cha barabarani usiku.