Sukari ya miwa ndani ya asali inagunduliwaje? Historia fupi ya kipimo

Wengi mnaniuliza kama njiti ya kiberiti au tone kwenye glasi ya maji linaonyesha asali iliyochanganywa sukari. Hapana. Vipimo hivyo hukuonyesha zaidi kama asali ina maji mengi au ni nzito. Wanunuzi wa nje wana kipimo kingine.

Miaka ya 1970 huko Marekani, shira ya mahindi ilikuwa rahisi kuliko asali, na wajanja wakaanza kuchanganya. Kuwakamata kulikuwa kugumu, kwa kuwa shira hiyo ina glukosi na fruktosi, sukari zilezile za asali. Jonathan White na Landis Doner, wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, wakaacha kuangalia aina ya sukari, wakaangalia kaboni iliyoijenga.

Hapa soma polepole. Kaboni iko nyepesi na nzito: katika kila 100, kama 99 ni nyepesi na 1 ni nzito. Mimea yote huvuta hewa ukaa, lakini haichukui kwa uwiano mmoja. Miwa, mahindi, mtama na uwele hubaki na kaboni nzito zaidi kidogo kuliko miti ya miombo, alizeti na maua mengi yenye nekta. (Kwenye mahindi nyuki hufuata chavua, hakuna nekta pale.) Nyuki habadilishi uwiano huo. Mwaka 1978 wawili hao wakachapisha njia yao: choma asali, kusanya hewa ukaa inayotoka, pima uwiano.

Mashine yao, spektromita ya masi, ni ghali na ina matunzo mengi. Mwaka 1988 Anthony O'Keefe na David Deacon wakaonyesha njia ya leza, ambayo baadaye ilitumika kupima hewa ukaa pia. Mwanga hupigwa kati ya vioo ndani ya chombo kifupi, ukaenda na kurudi hadi kutimiza kilomita kadhaa. Gesi yenye kaboni nzito hunyonya rangi tofauti kidogo na ile nyepesi, na kasi ya mwanga kufifia ndiyo hesabu yenyewe.

Njia hii haioni shira ya mchele, maana mpunga uko kundi moja na miti. Lakini sukari ya miwa inaonekana kuanzia takriban asilimia 7. Piga hesabu: ndoo moja ya lita 20 ya shira ndani ya pipa la lita 200 ni asilimia 10. Pipa zima limekwama, pamoja na asali safi ya majirani.

Mashine haiulizi ulikusudia nini. Kama ulilisha nyuki sukari wakati wa njaa, usivune masega hayo kwa kuuza. Na wewe mkusanyaji, andika jina na tarehe kwenye kila ndoo, na utunze sampuli ya kila mmoja kabla ya kumimina.