Binti Mfalme Aliyejifunza Kuandika kwa Siri

Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima: Historia

Natumaini nyote mmekwisha kaa, na mwalimu ameandika ubaoni majina haya matatu: Salme, Majid, Barghash. Leo tutazungumza habari za binti wa mfalme wa Unguja, na jinsi ndoa yake ilivyoingizwa katika mambo ya nchi, hata yakagusa milima ya Usagara tuliyo nayo hapa Mpwapwa.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, ufukweni mwa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi kutoka milima ya Kaukasi. Alitekwa vitani angali mtoto, akauzwa, akawa suria wa Seyyid Said. Kwa sheria yao, mtoto wa suria alikuwa huru, na alirithi kama mtoto wa mke wa ndoa. Mke mkuu, Bibi Azze binti Sef, hakuwa na mtoto aliye hai. Salme alieleza kwamba baba yao alipofariki mwaka 1856, watoto 36 walikuwa hai, wote wa masuria.

Sasa sikilizeni vizuri, maana jambo hili linawahusu ninyi hasa. Katika nyumba ile ya kifalme wasichana walifundishwa kusoma Korani tu. Kuandika hawakufundishwa, kwa kuwa ilisemwa si kazi ya mwanamke. Salme akachukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama kibao, akatafuta wino na kalamu, akawa ananakili herufi za Korani kwa siri mpaka mkono ukazoea. Walipogundua walimlaumu, lakini elimu ikishaingia kichwani hainyang'anywi.

Elimu hiyo ilimletea taabu kwanza. Baada ya kifo cha Seyyid Said, Majid alitawala Unguja. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alitaka kumpindua. Salme, msichana wa miaka 15, alikuwa upande wa Barghash, na kwa kuwa alijua kuandika, akawa karani wa njama ile na kuandika barua za siri. Waingereza walimsaidia Majid, njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka huohuo mama yake Salme alikufa kwa kipindupindu. Baadaye Salme alipatana na Majid, na Barghash hakuupenda upatanisho huo.

Akiwa mjini Unguja, jirani yake alikuwa mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Wakapendana, Salme akapata mimba. Sheria ya Kiislamu haimruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na mwanamume asiye Mwislamu, na aibu hii iliwapata jamaa wa mfalme mwenyewe. Maisha yake yalikuwa hatarini. Mwezi wa Agosti 1866, usiku wa Siku ya Mwaka, wanawake walipokwenda pwani kuoga mwaka kama ilivyo desturi, Salme alipanda mashua, akachukuliwa na manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer mpaka Aden.

Huko Aden alijifungua mtoto wa kiume. Mwezi wa Mei 1867 Ruete alifika. Siku moja Salme alibatizwa, akapewa jina la Emily, na akafunga ndoa. Wakasafiri kwenda Ujerumani, na mtoto yule hakuishi. Katika Hamburg walipata watoto wengine watatu, Antonie, Rudolph na Rosalie. Lakini mwezi wa Agosti 1870 Ruete aligongwa na tramu, akafa. Ndoa ilikuwa imedumu miaka mitatu tu. Salme alikuwa na umri wa miaka 25, katika nchi ya baridi, na watoto watatu wadogo, mmoja angali ananyonya.

Alifanya nini? Alishika kalamu tena. Alifundisha Kiarabu, na mwaka 1886 kitabu cha maisha yake kilichapwa kwa Kijerumani. Ile kazi ya mfupa wa ngamia ikamsaidia kulisha watoto.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara na nchi za jirani, akiwawekesha wazee alama katika karatasi ambazo hawakuweza kuzisoma. Mwezi wa Februari 1885 serikali ya Ujerumani ilizitangaza nchi hizo kuwa chini ya ulinzi wake. Barghash, aliyekuwa Sultani tangu 1870, alipinga. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikaja kumtisha, na Salme akaletwa pamoja nazo, akitumaini kupata urithi wake. Barghash alikubali madai ya Wajerumani, lakini dada yake alikataa kumwona. Wajerumani wakapata Usagara, Salme akaondoka bila urithi. Alijaribu tena mwaka 1888, asifaulu.

Wengine watasema, mkataa kwao mtumwa. Lakini alipokufa Jena, Ujerumani, mwaka 1924, katika vitu vyake palikuwa na mfuko wa mchanga wa Unguja. Alizikwa nao huko Hamburg. Je, huyo alikataa kwao?

Jambo la mwisho. Katika kitabu chake Salme aliutetea utumwa wa Waarabu, ingawa mama yake mwenyewe aliuzwa. Utajiri wa Unguja ulitoka katika mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa, na katika misafara ya pembe za ndovu iliyopumzika hapa Mpwapwa kabla ya kuvuka nyika kavu ya Marenga Mkali. Wapagazi na watumwa wale hawakuandika kitabu. Kwa hiyo habari za binti mfalme tunazo kwa maneno yake mwenyewe, na habari zao tunazipata kwa vinywa vya wengine. Ndiyo sababu, ndugu zangu, msomaji asome kwa akili, na kila mtu ajue kuandika habari zake mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini Salme alijifunza kuandika kwa siri?
2. Kalamu ilimdhuru wapi, na ilimsaidia wapi?
3. Wazee wa Usagara wangefanya nini kama wangeweza kuzisoma karatasi za Peters?
4. Nendeni kwa mzee mmoja wa kijiji, mwulizeni habari za misafara alizosikia kwa wazazi wake, kisha ziandikeni katika madaftari yenu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.