Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Habib Swaleh na Mji wa Lamu

Hebu nikuulize swali kabla adhana ya magharibi haijatukuta. Umewahi kwenda Maulidi ya Lamu, ukaona umati ulioshuka kutoka Mombasa, Malindi, Tanzania na hata Ngazija, ukajiuliza ni nani chanzo cha yote haya? Pengine wadhani ni mzee fulani wa Kiamu, mwana wa nyumba za mawe za Mkomani. La! Alikuwa mgeni.

Ni Sayyid Saleh bin Alawy Jamalilleyl, ambaye sisi twamjua kama Habib Swaleh. Alizaliwa Ngazija, akaja Lamu akiwa kijana katika karne ya 19. Na Lamu ya zama hizo haikuwa mji wa kuingia hivi hivi tu. Kila mtu na daraja lake: wangwana juu, watumwa chini, na wageni wengi huko Langoni katika nyumba za udongo na makuti. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika pwani yetu mpaka 1907.

Sasa fikiria. Huyu alikuwa sharifu. Kwa nasaba yake tu angeweza kukaa na wakubwa, akabusiwa mkono, mambo yakaisha. Na kweli alisoma kwa wanavyuoni wa mji, akiwemo Habib Mansab. Lakini wakati wa kusomesha ulipofika, aliwaendea nani? Aliwaendea wale ambao wengine hawakuona haja ya kuwapa elimu: watumwa na watoto wao, na wageni maskini. Akawafundisha dini, na wagonjwa akawatibu, maana alikuwa na ujuzi wa tiba pia.

Wakubwa wengi hawakupendezwa. Maanake elimu ilikuwa sehemu ya ungwana wao. Mtoto wa mtumwa akishaijua fiqhi kumshinda bwana wake, nani atamwita mtumwa tena? Wakayalaumu na matari yaliyopigwa katika maulidi yake. Yeye aliendelea na darasa.

Karibu na mwaka 1900 ukasimama Msikiti wa Riyadha, upande huo huo wa Langoni. Jina lake ni la Riyadha ya Habib Ali al-Habshi kule Seiwun, Hadhramaut. Kadiri miaka ilivyokwenda, wanafunzi wakaja kutoka visiwa vya Wabajuni, Mto Tana na Ugiriama, wakarudi makwao wakiwa walimu. Habib Swaleh alifariki 1935, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mpaka leo wanaokuja Maulidi hulizuru kaburi lake. Yule wa kuja ndiye mji unayejulikana kwaye!

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye hakungoja kupewa. Alilichukua mwenyewe, akaenda kulima ile pembe ya shamba ambayo hakuna aliyeitaka.

Basi wewe kijana uliyetoka Garissa, Moyale au Kisumu ukaja Mombasa au Nairobi kutafuta chuo au kibarua, na mwezi huu wafuturu peke yako chumbani kwa chai na mkate, nisikilize. Usikae ukingoja mji ukupende. Angalia mtaani kwako: nani hana wa kumsomesha alifu na be? Nani mgonjwa hana wa kumpeleka hospitali? Msikiti wako unahitaji mikono ya kupakua futari? Anzia hapo. Watakaokuita ndugu watatoka hapo.

Na sisi wenyeji je? Tuna mazoea ya kusema "huyo ni wa kuja tu," ati hana la kutuambia. Lamu nayo ingeweza kusema hivyo. Lau wote wangesema na wakasikizwa, leo Riyadha ingekuwa wapi? Usiku wa leo baada ya tarawehe, mtazame aliyesimama kando yako safuni. Muulize jina lake, kisha muulize atafuturu wapi kesho.

Saumu njema. Wabillahi tawfiq.