Makasri ya Loire: Juma moja katika nyumba za fahari zilizowaponza wenyewe

MSAFIRI anayeshuka garimoshi mjini Angers, magharibi mwa Ufaransa, na kuufuata Mto Loire kuelekea mashariki, huhitaji juma moja tu kuona jinsi wafalme wa nchi hiyo walivyoacha kujificha nyuma ya kuta za vita na kuanza kujenga nyumba za kujionyesha. Huona pia kwamba fahari hiyo iliwagharimu wengi wao mali, uhuru na hata uhai.

Sehemu ya bonde hilo yenye urefu wa takriban kilomita 280, kati ya Sully-sur-Loire na Chalonnes, iliingizwa mwaka wa 2000 katika orodha ya turathi za dunia ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO). Makasri ni mengi mno kuzuriwa yote katika safari moja. Mpango ufuatao wachagua moja au mawili kwa siku.

Siku ya kwanza: Angers

Hii ni ngome halisi. Ilijengwa katika karne ya 13, zama za Mfalme Louis wa Tisa, na minara yake 17 ya mviringo yangali imesimama kando ya Mto Maine. Hakuna madirisha mapana wala nakshi, maadamu haja ilikuwa kumzuia adui.

Ndani mwake mna hazina isiyo ya kivita: pambo la ukutani lililofumwa kwa sufi katika karne ya 14, likionyesha maono ya Kitabu cha Ufunuo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka wa 1789 lilikatwakatwa, na baadhi ya vipande vikatumiwa kufunikia michungwa wakati wa baridi. Vilipokusanywa katika karne ya 19, takriban mita 100 za urefu wake zilipatikana.

Siku ya pili: Chinon na Langeais

Mwaka wa 1429, Waingereza wakiwa wameuteka mji wa Paris, msichana wa kijijini aitwaye Jeanne d'Arc alifika Chinon kumtafuta Charles, mrithi wa kiti cha ufalme ambaye hakuwa ametawazwa. Alimshawishi ampe askari. Miezi michache baadaye mji wa Orléans ulikombolewa na Charles akatawazwa mjini Reims. Jeanne mwenyewe alichomwa moto mjini Rouen mwaka wa 1431.

Langeais ndiko Mfalme Charles wa Nane alikomwoa Anne, mtawala wa Brittany, mwezi Desemba mwaka wa 1491. Ndoa hiyo ilikuwa hatua kubwa ya kuiunganisha Brittany na Ufaransa.

Siku ya tatu: Azay-le-Rideau na Villandry

Kufikia wakati huu mizinga ilikuwa imeziondolea kuta ndefu maana yake. Waliojenga kwa ajili ya vita walianza kujenga kuta fupi, nene na zenye pembe, mtindo ambao Mwitalia Giovanni Battista Cairati aliutumia alipoichorea Ureno ramani ya Fort Jesus, iliyoanzwa kujengwa Mombasa mwaka wa 1593. Matajiri wa Loire walibaki na minara na mahandaki kama mapambo tu.

Azay-le-Rideau, lililo kwenye kisiwa cha Mto Indre, lilianzwa mwaka wa 1518 na Gilles Berthelot, mmoja wa wasimamizi wa fedha za Mfalme François wa Kwanza. Mkewe, Philippe Lesbahy, ndiye aliyesimamia ujenzi. Mwaka wa 1527 mfalme aliwageukia maafisa wake wa hazina, na jamaa ya Berthelot, Semblançay, akanyongwa. Berthelot alitoroka, akaiacha nyumba haijakamilika. Mfalme aliitwaa na baadaye akampa mwanajeshi wake.

Villandry hutembelewa kwa bustani zake. Daktari wa asili ya Uhispania, Joachim Carvallo, alilinunua kasri hilo mwaka wa 1906 pamoja na mkewe Mmarekani, Ann Coleman, wakazirejesha bustani hizo katika sura ya karne ya 16. Kabeji na mboga nyingine hupandwa humo kwa mpangilio wa rangi, katika miraba tisa.

Siku ya nne: Amboise

Charles wa Nane alizaliwa Amboise, akaliboresha kasri hilo, na humo ndimo alimofia mwaka wa 1498 akiwa na umri wa miaka 27. Alikuwa akienda kutazama mchezo wa mpira alipogonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango. Alikata roho saa chache baadaye.

Mwaka wa 1516 François wa Kwanza alimwalika msanii Leonardo da Vinci, akampa makao katika nyumba ya Clos Lucé, hatua chache kutoka kasri. Leonardo alifariki humo tarehe 2 Mei, 1519.

Jambo lisilojulikana na wengi lahusu Afrika. Emir Abdelkader, aliyeongoza vita vya Waaljeria dhidi ya uvamizi wa Wafaransa, alisalimu amri mwaka wa 1847 kwa ahadi kwamba angeruhusiwa kwenda kuishi Mashariki. Ahadi ilivunjwa. Alifungwa Amboise pamoja na familia na wafuasi wake kuanzia mwaka wa 1848 hadi 1852. Watu 25 wa msafara wake waliofia huko wanakumbukwa kwa mawe yaliyowekwa katika bustani ya kasri.

Siku ya tano: Chenonceau

Kasri hili lililovuka Mto Cher hukumbukwa kwa wanawake wake. Katherine Briçonnet alisimamia ujenzi wake wa kwanza. Mfalme Henri wa Pili alimpa kimada wake, Diane de Poitiers, ambaye alijenga daraja. Henri alipofariki mwaka wa 1559 kutokana na jeraha alilopata katika mchezo wa mikuki, mjane wake, Catherine de Médicis, alimlazimisha Diane kulihama, kisha akajenga ukumbi mrefu juu ya daraja lile.

Ukumbi huo ulikuja kuwafaa wanyonge. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia ulikuwa hospitali, na majeruhi zaidi ya 2,000 walitibiwa humo. Kuanzia mwaka wa 1940, Mto Cher ulipokuwa mpaka wa eneo lililotekwa na Wajerumani, waliokuwa wakitoroka walipitia mlango wa upande wa kusini.

Siku ya sita: Blois

Kasri la Blois limezunguka ua mmoja lakini lina mitindo ya zama nne, kuanzia ukumbi wa karne ya 13 hadi jengo la mchoraji ramani François Mansart la karne ya 17.

Humo, tarehe 23 Desemba, 1588, Mfalme Henri wa Tatu aliwaamuru walinzi wake wamwue Henri wa Guise, kiongozi wa Wakatoliki aliyekuwa na nguvu kumshinda mfalme mwenyewe. Catherine, mamake mfalme, alifariki katika kasri hilo hilo siku 13 baadaye. Mwezi Agosti mwaka wa 1589, Henri wa Tatu naye aliuawa kwa kisu na mtawa.

Siku ya saba: Chambord

Kilele cha safari ni Chambord, lililoanzwa mwaka wa 1519 kwa amri ya François wa Kwanza. Lina vyumba zaidi ya 400, na msitu wake umezungukwa na ukuta wa kilomita 32. Katikati mna ngazi mbili zinazozungukana: anayepanda na anayeshuka huweza kuonana kupitia vidirisha bila kukutana.

Hata hivyo, katika miaka 32 ya utawala wake, François alikaa humo takriban siku 72 tu, na alifariki mwaka wa 1547 kabla jengo halijakamilika. Lilipata kazi ya maana mwaka wa 1939, vita vilipokaribia: sanaa za jumba la makumbusho la Louvre, ikiwemo picha ya Mona Lisa, zilihamishiwa huko zisiharibiwe.

Leo Chambord ni mali ya serikali, Chenonceau na Villandry ni ya familia binafsi, na Blois ni ya mji wenyewe. Yote hutegemea kiingilio cha watalii kukarabati mapaa yaliyoezekwa kwa ajili ya wafalme. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka; huko Loire, ngazi ndizo zilizobaki.