Kwa nini moshi wa Nyiragongo huelekea magharibi

Sisi tukaao Goma hatuhitaji vitabu ili kujua upepo watoka wapi. Twatazama tu kilele cha Nyiragongo. Siku nyingi moshi wake huinamia magharibi, upande wa Rusayo, Sake na Masisi. Sababu yake iko mbali sana na mlima wenyewe.

Jua huzipasha moto zaidi nchi za ikweta. Hewa yenye joto hupanda, na hewa nyingine kutoka kaskazini na kusini huja kushika mahali pake. Lakini dunia nayo yazunguka kuelekea mashariki, na hewa ijayo huachwa nyuma kidogo. Ndiyo maana yatufikia kama upepo wa mashariki. Kando ya ziwa Kivu mambo ni mengine, maana mchana upepo hutoka ziwani na usiku hurudi. Kilele, chenye urefu wa mita 3,470, ki juu mno kwa mchezo huo.

Tena volkano ndiyo iliyowafumbua macho wataalamu. Tarehe 27 Agosti 1883 mlima Krakatau, katika nchi iitwayo leo Indonesia, ulipasuka. Vumbi lake lilivuka Bahari ya Hindi na Afrika, likaizunguka dunia kwa majuma mawili hivi, likielekea magharibi daima. Huko Honolulu, Sereno Bishop aliona duara la ajabu kulizunguka jua. Akalinganisha tarehe za mahali mbalimbali, akatambua kwamba juu ya ikweta ulipita mto wa moshi. Mbali na ikweta mito ya juu huenda kinyume. Katika miaka ya 1920 Mjapani Wasaburo Ooishi alirusha baluni, akapima upepo wa magharibi wenye nguvu nyingi. Habari hiyo aliiandika kwa Kiesperanto, na wachache mno wakaisoma!

Turudi kwetu. Lava ya 17 Januari 2002 iliteketeza sehemu kubwa ya Goma pamoja na kanisa kuu letu, na dunia nzima ikasikia. Moshi hauna kelele. Ndani yake mna gesi ya kiberiti na florini. Mvua huziosha hewani, zikashuka juu ya mabati na katika mapipa. Mawe ya lava huyanywa maji, vijito ni haba, basi watu hunywa maji ya mvua. Waliopima maji hayo Rusayo walikuta florini iliyopita miligramu 1.5 kwa lita, kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa miaka mingi, meno yake huota na madoa ya kahawia. Kuyachemsha huua vijidudu tu. Florini yabaki sufuriani.