Fundi Saa na Kipuri Kilichofungiwa

Kila inapotajwa kufifia kwa ufundi saa, lawama hutupiwa betri na simu ya mkononi. Maelezo hayo yana ukweli, ila hayatoshi. Kama yangetosha, kazi hii ingezikwa miaka ya 1980 pamoja na saa za kamani, na mjadala ungekwisha. Lakini saa za kamani hazikuzikwa. Katika saa ambazo Uswisi inauza nje ya nchi leo, zaidi ya robo tatu ya thamani yake hutokana na hizo hizo. Saa zipo, wenye saa wapo na fedha wanazo, na bado fundi wa mtaani anazidi kuadimika. Ukifuata historia ya kazi hii utaona kwamba fundi alipitia hatua mbili: kwanza aliondolewa haja ya kutengeneza kipuri, kisha akanyimwa kipuri chenyewe.

Tuanzie London. Chama cha watengeneza saa cha mji huo kilipata hati ya mfalme mwaka 1631, na mwanagenzi alifungwa kwa bwana wake kwa kawaida miaka 7. Katika karne ya 18, mtaa wa Clerkenwell ulijaa mafundi waliogawana kazi: huyu meno, yule kamani, mwingine uso wa saa. Mitambo mingi ilikuja ikiwa ghafi kutoka Prescot, kaskazini mwa Uingereza. Kwa hiyo ile picha ya fundi mmoja anayeunda saa nzima peke yake kwa sehemu kubwa ni ya kubuni. Lililo muhimu ni kwamba kila kipande kilipigwa tupa hadi kikaikubali saa yake, na hakikuingia katika nyingine. Jino la gurudumu likivunjika, fundi alichonga pengo, akachomeka kipande cha shaba, akakiunga kwa risasi, akakipiga tupa mpaka kikalingana na wenzake. Mhimili ukikatika, alikereza mwingine. Kutengeneza saa mpya na kufufua iliyokufa kulidai mkono ule ule.

Mabadiliko yalitoka Waltham, Massachusetts, ambako kuanzia miaka ya 1850 vipande vya saa vilianza kutolewa na mashine, vikiwa karibu sawasawa kiasi cha kuweza kubadilishana. Mwaka 1876, baada ya maonyesho ya Philadelphia, mhandisi Jacques David wa kiwanda cha Longines alizuru viwanda vya Marekani akawaandikia wenzake wa Uswisi ripoti ya kuwatahadharisha. Waswisi walisikia. Waingereza walichelewa; kiwanda kikubwa walichokijenga Prescot mwaka 1889 kilifungwa 1911. Kwa fundi wa kawaida hii ilikuwa neema: aliagiza mhimili kwa namba, ukafika kwenye kibahasha, akaufunga. Mteja alilipa kidogo na kungoja kidogo, na kazi ikaenea hadi miji midogo. Mwaka 1945 kampuni ya saa ya Bulova ilifungua shule New York kuwafundisha ufundi saa askari waliorudi vitani na ulemavu, kwa kuwa ilikuwa kazi ya kukaa yenye soko kila mahali. Siwalaumu mafundi wa zama hizo kwa kuzoea katalogi. Hata hivyo mashine ya kukereza ilianza kupata vumbi, na riziki ya fundi ikawa inategemea ghala la mtu mwingine.

Ndipo ikaja saa ya kwatzi, ile ya betri. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko iliuza saa ya Astron kwa yeni 450,000, bei ya gari dogo, lakini haikuchukua miaka mingi bei za saa za aina hiyo zikaporomoka. Uswisi, iliyokuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970, ilibaki na takriban theluthi yao kufikia katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1983 ilitolewa Swatch, yenye vipande 51 tu. Mtambo wake uliingizwa kwa mbele, kioo kikagandishwa kwa mawimbi ya sauti, na nyuma pakaachwa kidirisha cha betri. Fundi hakuachiwa pa kuingilia. Atasema mtu: saa rahisi ikiharibika inunuliwe nyingine, kwani ufundi utazidi bei yake. Ni kweli, na hiyo haihitaji kuliliwa. Hoja hiyo haielezi kwa nini saa ya mamilioni ya shilingi nayo imfukuze fundi.

Jibu la hilo liko kwenye ghala. Viwanda vya saa za kifahari vilianza kuzuia vipuri, vikavitoa kwa karakana zao na kwa mawakala waliowachagua wenyewe. Mwaka 2004 shirikisho la vyama vya mafundi saa vya Ulaya lilipeleka malalamiko kwa Tume ya Ulaya. Tume iliyakataa mwaka 2008. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikautengua uamuzi huo 2010. Tume ikachunguza, ikakataa tena 2014. Na mwaka 2017 mahakama ikakubaliana nayo. Miaka 13 ilipita, na ghala likabaki limefungwa. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza ufundi wa saa za mitambo wa Uswisi na Ufaransa katika orodha ya urithi wa binadamu. Heshima hiyo ni haki yake, lakini heshima haimpi fundi wa mjini mhimili anaouhitaji leo.

Viwanda hujitetea kwa hoja ya ubora: saa isiyoingiza maji kwa kina cha mita 100 ikifunguliwa na asiyejua, itakayoharibika ni sifa ya kiwanda. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kama tatizo ni ujuzi, ujuzi unapimika. Mtaala wa ufundi saa wa WOSTEP umekuwepo Uswisi tangu 1966 na vyeti vyake vinatambulika nje ya mipaka yake. Hata hivyo, mwenye cheti akifungua duka lake mwenyewe anaweza kunyimwa kipuri anachopewa mwenzake aliyeajiriwa na wakala. Hapo kinachopimwa si mkono wa fundi, ni mahali anapokaa.

Wengine husema fundi hodari ajitengenezee. Kwa saa ya 1780 inawezekana, kwa kuwa ilizaliwa na tupa na tupa itaifufua. Lakini tangu mwaka 2001 baadhi ya saa zimeanza kutumia vipande vya silikoni, vinavyochongwa kwa kemikali kutoka bamba jembamba. Havikerezwi, havipigwi tupa, na vikivunjika haviungiki. Kadiri vipande hivyo vinavyoenea, ndivyo mkono wa fundi unavyokosa pa kushika bila kiwanda kutaka. Nako kwenye vibaraza vya Mombasa na Dar es Salaam, fundi mwenye kijisanduku cha kioo huishi kwa kubadilisha betri na mikanda, na anapopata saa ya kamani hung'oa kipande kwenye saa zilizokufa. Ni akili nzuri, lakini saa zilizokufa nazo huisha.

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya matengenezo. Inataja mashine za kufulia, majokofu na simu, ikiwataka watengenezaji wavitoe vipuri vyake kwa bei ya haki. Saa haimo. Kuiingiza kungehitaji mstari mmoja katika kiambatisho, na mstari huo ungewafaa mafundi kuliko tuzo zote za urithi.