Macho ya Pindarus, Ulimi wa Bombay

Kakola, nje ya lango la mgodi wa Bulyanhulu, mtu akijitambulisha kuwa ni mchimbaji mdogo haoni haya. Wadogo ndio walioteremka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, ya hapa kwa kamba, kabla ya kuondolewa Agosti 1996 na kabla mgodi mkubwa haujaanza uzalishaji mwaka 2001. Ukikaa kibandani ukaagiza chai na chapati, mazungumzo hayaanzi na kampuni wala serikali. Yanaanza na nani alikuwa chini na nani alishika kamba juu.

Nilifika huko nikifuata njia ya misafara, ile iliyotoka Tabora, ikapita pande za Kahama na kuingia Uzinza, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Mkoa wa Geita. John Speke na James Grant, wasafiri kutoka Uingereza waliokuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile, waliipita mwaka 1861, wakisumbuliwa na homa na watemi waliodai hongo. Mkobani nilibeba kitabu cha Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963. Nilikibeba kwa ajili ya mtu mmoja tu, ambaye walimu wengi wa fasihi humpitia mbio.

Anaitwa Pindarus, mtumwa wa Cassius. Vita vya Filipi vimepamba moto na bwana wake, ambaye macho yake hayaoni mbali, anamwamuru apande kilimani amtazame Titinius, aliyetumwa mbele. Pindarus anaona wapanda farasi wakimzingira Titinius, anasikia kelele za shangwe, anapaza sauti kuwa ametekwa. Kumbe wale ni wenzao, wanampokea. Cassius hangoji habari ya pili. Anampa mtumwa upanga, anamlipa uhuru wake, anajiua kwa mkono wa huyo huyo. Pindarus anatoroka na haonekani tena jukwaani. Titinius anarudi na taji la ushindi, anakuta maiti.

Shuleni tuliambiwa mhusika msaidizi kazi yake ni kumkamilisha mhusika mkuu. Jibu hilo lilinipa alama, lakini sikubaliani nalo. Shakespeare huwapa wakubwa hotuba, wadogo huwapa habari, na katika tanzia habari ndiyo inayoua. Hata tunapotaka kujua hotuba ya Antony imewafanya nini watu wa Roma, tunaonyeshwa Cinna mshairi, anayeshambuliwa na umati kwa kosa la kuitwa jina moja na mmoja wa waliomuua Kaizari. Anawaambia yeye ni mshairi, si yule. Hawajali.

Sasa turudi njiani. Katika safari ya kwanza, ya mwaka 1857 hadi 1859, Speke na msafiri mwenzake Richard Burton walikuwa na mtu aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alitekwa utotoni, akauzwa na kupelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa huru na Kihindustani kinywani. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili cha kumfikisha mbali. Alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, Bombay akawageuzia wengine. Tarehe 13 Februari 1858, karibu na Ujiji, Burton aliona kitu kinang'aa chini ya kilima akauliza ni nini. Bombay ndiye aliyejibu kuwa ni maji. Speke alikuwa pale pale, lakini ugonjwa wa macho ulimwonyesha ukungu mtupu. Ziwa Tanganyika lilitambulishwa kwa wageni hao kwa kinywa cha mpokea mshahara.

Mwezi uliofuata Speke alivuka ziwa, akarudi na habari kubwa: Sheikh Hamed bin Suleim amemwambia upande wa kaskazini kuna mto unaotoka ziwani. Huo ungeweza kuwa Nile! Walipofika Uvira, wenyeji wakasema mto Rusizi unaingia, hautoki. Hapo Bombay akaeleza kuwa Speke hakumwelewa Sheikh, maana naye alisema unaingia. Aliyeandika haya ni Burton, ambaye baadaye hakumpenda Speke, kwa hiyo msomaji aweke chumvi kidogo. Lakini kuhusu mto wenyewe Bombay hakukosea. Rusizi unaingia mpaka leo.

Tarehe 3 Agosti mwaka huo huo, Burton akiwa amebaki Tabora, Speke aliliona Ziwa Victoria huko Mwanza na kuamini ndilo chanzo cha Nile. Maswali yake kwa wenyeji yalipitia ulimi ule ule. Burton alikataa kusadiki, na ugomvi wao ulipangiwa mdahalo mjini Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla yake Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Uchunguzi ulisema ni ajali.

Huyo ndiye shujaa wa tanzia. Bombay aliendelea na kazi. Alikuwa ameshakula ngumi ya Speke katika safari ya pili, ile ya Speke na Grant. Msafiri mwingine, Stanley, aliyemwajiri mwaka 1871, ameandika juu ya pengo la meno lililobaki. Kisha Bombay akaenda na msafiri Cameron hadi pwani ya Atlantiki, wakafika mwaka 1875. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa pensheni, akafa mwaka 1885. Vitabuni mwa mabwana zake ni mtu wa kuchekesha, mlevi kidogo, mwaminifu. Pindarus angalau alipewa mistari yake mwenyewe.

Speke ana mnara London, na ghuba iliyo mashariki ya Mwanza inaitwa kwa jina lake. Mwalimu wa fasihi wa Msalala, Kahama au Geita, muhula ujao usiulize tena Brutus ni mtu wa namna gani. Wape wanafunzi Pindarus na Bombay, waseme nani alimtegemea nani.